Kiingilio ni Tenga Moja

Sosthenes alihamia Mwanjelwa, jijini Mbeya, baada ya kumuuzia mtu mmoja wa Njombe kiwanja kisichokuwepo, na asubuhi ile hakuwa na mpango wa kazi yoyote, mpaka alipomwona mwenye bucha akiinua panga juu, akalisahau huko huko. Mteja alisubiri utumbo wake. Panga nalo lilisubiri. Mwenye bucha alikuwa ameinamia simu iliyoegemezwa kwenye mizani, ulimi umetoka nje kidogo kama wa mtoto anayejifunza kuandika.

"Subiri kidogo, mama," alisema bila kuinua macho. "Chungwa langu limekwama."

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Sosthenes alisimama. Akatazama kushoto: fundi cherehani alikuwa ameshona mifuko miwili ya suruali upande mmoja, na bado anacheza. Akatazama kulia: mwenye genge la viazi alikuwa anamrudishia mteja chenji nyingi kuliko alichopewa, na bado anacheza. Moyo wa Sosthenes ukaanza kwenda mbio. Watu wa namna yake hupata hisia hiyo mara chache sana maishani, kama wengine wanavyopata wito wa upadri.

Mchezo wenyewe, kwa msomaji aliyebahatika kutoujua, ni upuuzi mtupu. Kwenye simu kuna kikapu. Unadondosha matunda ndani, moja baada ya jingine. Mawili yanayofanana yakigusana yanaungana na kuwa tunda kubwa zaidi: kitunda fulani chekundu ambacho Mwanjelwa nzima ilikiita nyanya kinakuwa zabibu, zabibu linakuwa limau, limau chungwa, chungwa tufaha, tufaha nanasi, na nanasi tikiti. Matunda hayo yanabingirika, yanasukumana na kudunda kama ya kweli, na kikapu kikifurika, umekwisha. Ndiyo hivyo tu. Lakini mtu mzima mwenye familia huanza kucheza akisubiri maharage yachemke, akaja kushtushwa na moshi. Kupata tikiti moja kulimpa mtu heshima ya wiki nzima pale sokoni. Kuunganisha matikiti mawili hakuna aliyewahi.

"Hawa watu," Sosthenes alijiambia, "wana ugonjwa, na wana matunda."

Yeye alikuwa na pikipiki. Nyekundu, bado mpya, ndiyo mali pekee aliyowahi kuinunua kihalali, na aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Akiiuza au kuipoteza, hana kitu kingine duniani zaidi ya tai moja na mdomo.

Siku iliyofuata alitokea sokoni amevaa hiyo tai, mkononi ana kipaza sauti cha kuazima. Pikipiki ilikuwa imeoshwa, imefunikwa nailoni kwenye kiti na kufungwa utepe kwenye usukani.

"Mabibi na mabwana! Mimi ni Meneja Mratibu wa Mashindano ya Matunda, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini! Fainali ni Iringa, Jumamosi hii! Mshindi anaondoka na pikipiki mnayoiona! Msinitazame mimi, jamani, si yangu. Ni ya kampuni. Mimi naisindikiza tu kama bibi harusi!"

Watu wakasogea. Wa kwanza kufika mbele alikuwa Tumpe, mama wa Kinyakyusa anayeuza ndizi na maparachichi kutoka Tukuyu, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti isiyohitaji kipaza. Tumpe alikuwa anacheza hata kanisani, simu imefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Kiingilio shilingi ngapi?" aliuliza.

"Hela?" Sosthenes alijishika kifua kana kwamba ametukanwa. "Mama, hela zinachukuliwa na matapeli. Mchezo ni wa matunda, kiingilio ni matunda. Tenga moja, lijae mpaka juu. Yanakwenda kupamba uwanja wa fainali."

Minong'ono ya kuridhika ikapita. Kisha watu wakampisha mzee Alawi, muuza machungwa, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na kuwaachia wajukuu duka, kanzu na Kiswahili cha pole pole. Mzee Alawi alishusha miwani.

"Bwana mdogo, maneno yako mazuri. Na ufunguo wa chombo hiki atakaa nao nani?"

"Ungependa akae nao nani, mzee wangu?"

"Mimi."

Sosthenes akamkabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, huku ufunguo wa pili ukimchoma kisigino ndani ya soksi. Watu wakapiga makofi. Hakuna kinachomfurahisha tapeli kama kuaminiwa na mtu mwenye busara.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Alikwisha kumpigia simu Matilda, mama mmoja wa Iringa mwenye kiwanda kidogo cha juisi na jemu pale Ipogoro, na Matilda alikubali kununua mzigo wote ukiwa mzuri. Lori la fuso lilikodiwa kutoka kwa dereva Rabson, kwa ahadi kwamba atalipwa mzigo ukishauzwa. Pikipiki ingepanda juu ya mzigo. Wakifika, Sosthenes angeuza, angeishusha pikipiki, angepachika ufunguo wa soksi, na washindani wa Mbeya wangekuja Jumamosi kushindana na upepo.

Mpaka hapa watu wa Mwanjelwa wanaonekana kama kondoo, na si haki kuwaacha hivyo. Pale sokoni tenga hupangwa kwa utaratibu unaojulikana. Mazuri hukaa juu yakimtazama mteja. Ya wastani hukaa kati. Chini huwekwa majani ya mgomba, mabichi yaliyoanguka na upepo, na yale ambayo hata mbuzi angeyanusa kwanza. Hakuna anayeona ubaya, kwa kuwa kila mnunuzi hutia mkono mpaka chini kabla ya kutoa hela. Mwenye mali anapanga, mwenye hela anapekua, wanagombana kidogo, wanaagana vizuri. Sosthenes hakujua habari hizo. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitu ambavyo havipo, na vitu ambavyo havipo havina chini.

Sasa fikiria mtu wa soko anaambiwa atoe tenga la bure, kwa mgeni mwenye tai, lipambe uwanja. Hakuna aliyeona sababu ya kupoteza hata ya wastani. Tumpe alipanga safu moja ya maparachichi yanayong'aa, na chini yake akamalizia takataka za wiki nzima. Mzee Alawi alisali sala ya alfajiri, akarudi sokoni, akaweka machungwa mazuri juu ya machungwa ambayo yalikwisha kuanza kutoa harufu ya kilabu cha pombe. "La msingi ni nia," alimwambia mwanawe, akafunga tenga kwa kamba.

Hata hivyo Sosthenes angeweza kuliona jambo hili kama angetazama. Alikuwa amechonga muhuri wa mpira ulioandikwa IMEKAGULIWA DARAJA LA KWANZA, ili kazi ionekane ya serikali. Lakini alikuwa pia ameuweka ule mchezo kwenye simu yake, kwa nia njema kabisa, apate tu maneno ya kuongea na wateja. Kufikia Jumatano alikuwa ameacha kunyoa ndevu. Kufikia Alhamisi alikuwa anaota malimau. Na Ijumaa asubuhi, matenga yalipokuwa yanapakiwa, alikuwa ameketi ndani ya fuso na tikiti moja zima kwenye kikapu chake, la kwanza maishani mwake, akitafuta la pili.

"Bosi, njoo ukague," Rabson alimwita.

"Leta hapa dirishani. Pitisha. Pitisha."

Matenga yakapita dirishani moja moja, na mkono wa kushoto wa Meneja ukawa unagonga muhuri bila macho kuufuata. Matenga yote yaligongwa. Kisogo cha mpakiaji mmoja kiligongwa pia.

Alipoinua uso, fuso lilikwisha kujaa, pikipiki imefungwa juu kwa kamba, na kando yake ameketi Tumpe na kikapu cha chai, na mzee Alawi amejifunga shuka la baridi.

"Mama! Mzee! Fainali ni kesho. Mtakuja na basi!"

"Bibi harusi hasafiri peke yake," alisema Tumpe. "Sisi watu wa Mbeya tuna mila."

"Na ufunguo ninao mimi," mzee Alawi alikumbusha.

Sosthenes alifikiria kubishana. Lakini nanasi la pili lilikuwa limebingirika likasimama karibu kabisa na nanasi la kwanza, na ubishi ungemharibia. Akafunga mlango.

Safari ilikwenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa matunda. Kwenye matuta ya Igawa yalianza kubingirika. Makambako, kwenye ile baridi yake, yalikuwa yanasukumana. Mafinga, mabovu ya chini yalikuwa yamekwisha kuungana na mazuri ya juu, na fuso likaanza kuacha mstari wa majimaji barabarani na msafara wa nyuki.

"Bosi, mzigo unatoa maji," alisema Rabson.

"Umande," alijibu Sosthenes. Ndani ya simu, mananasi mawili yaligusana, yakawa tikiti la pili. Likaanguka upande wa kulia wa kikapu. La kwanza lilikuwa upande wa kushoto. Katikati yao kulikuwa na limau moja tu. Sosthenes alizima kioo cha simu taratibu sana, akaiweka simu kifuani, na mpaka Ipogoro hakupumua kwa nguvu.

Matilda alikuwa anawasubiri kwenye uwanja wa kiwanda chake. Alizaliwa Ilula, akakua kando ya barabara kuu akiwauzia abiria nyanya, na hapo ndipo alipojifunza kutomwamini mtu yeyote anayeshika tenga.

"Kamwene, kaka! Karibu, mwenye mzigo!" alimsalimu Kihehe, kwa sauti. "Bei ni ile ile tuliyokubaliana?"

Sosthenes alimkonyeza apunguze sauti, lakini kule juu Tumpe alikuwa amesikia. Tumpe alimtazama mzee Alawi. Mzee Alawi alimtazama Tumpe. Hasira iliwapanda wote wawili, hasira ya kweli, ya watu walioona wamefanywa wajinga. Ikashuka hapo hapo, maana Matilda alikuwa anafungua tenga, na wao walijua kilichomo.

"Dada, usifunue sana," Tumpe aliita akishuka kwa haraka. "Yataingia baridi!"

"Nimezoea," alisema Matilda, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ulipotoka, ulitoka na jani la mgomba, na parachichi bichi, gumu kama jiwe la kusagia. Akatia kwenye tenga la pili, la mzee Alawi, na safari hii mkono ukatoka unatiririka. Akafungua la tatu. Akalisogelea la nne, akanusa tu, akaliacha. Kisha akasoma muhuri.

"Imekaguliwa, daraja la kwanza. Nani kakagua?"

Sosthenes alizunguka fuso, akapekua, akapekua tena, tai ikaingia kwenye machungwa. Halafu uchungu ukamshika, uchungu wa kweli, na machozi yakamlenga. Mtu anayetapeliwa kwa mara ya kwanza ukubwani huumia kama mtu aliyepata surua uzeeni.

"Nimetapeliwa!" alilia. "Jamani, nchi hii imekwisha! Hakuna tena mtu mwaminifu?"

"Na wewe je?" Tumpe alimjia juu, mikono kiunoni. "Si ulisema yanapamba uwanja? Huyu dada anapamba uwanja gani na mashine ya juisi?"

Nyuki peke yao waliendelea na kazi.

"Tuseme," mzee Alawi alisema, akifuta miwani kwa pindo la kanzu, "kila upande umeteleza kidogo."

"Basi mashindano yamefutwa!" Sosthenes alipaza sauti. "Kwa udanganyifu wa washiriki!"

"Sawa," alisema Tumpe. "Yakifutwa, turudishie matunda yetu."

"Si hayo hapo! Chukueni!"

"Hayo? Meneja, sisi tulikukabidhi daraja la kwanza. Muhuri ni wa nani?"

Sosthenes alitazama pikipiki yake juu ya lile bwawa la matunda, nyekundu, nailoni bado ipo kwenye kiti. Kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya soko zima, alikuwa ametangaza si yake. Kuidai kwa nguvu hawezi, wapo wawili na Tumpe peke yake anatosha. Kulikuwa na njia moja tu ya kuondoka nayo, na ilimtia mshawasha.

"Fainali ichezwe," alisema. "Sasa hivi. Na mimi nashiriki. Kila mtu anaendelea na mchezo alionao kwenye simu. Mwenye pointi nyingi ndiye mwenye pikipiki, na asidaiwe kitu."

"Nani mwamuzi?" aliuliza mzee Alawi.

"Mimi," alisema Matilda, akijifuta mkono kwa aproni. "Mzigo nimekosa. Acha angalau nicheke."

Wakageuza matenga matupu ya kiwanda wakaketi. Tumpe alianza, na kwa mchezaji wa kiwango chake alicheza vibaya mno. Kikapu kikafurika hata nanasi halijaonekana. Mzee Alawi akafuata, akalaumu miwani, akafurika naye. Sosthenes hakujiuliza. Alifungua simu yake, na Tumpe alipochungulia alipiga ukelele wa kweli.

"Matikiti mawili! Meneja! Mawili!"

"Wenzangu," alisema Sosthenes kwa unyenyekevu wa bandia, "sasa tulieni mtazame."

"Polepole, baba. Usikurupuke. Yakikutana hayo, utakuwa mtu wa kwanza kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Hivi inakuwaje yakiungana?"

"Hakuna anayejua," alisema Sosthenes.

Alidondosha nyanya. Ikabingirika. Alihitaji limau liguse lile la katikati, lakini limau halikuja, likaja zabibu. Akaliweka pembeni. Ulimi wake ukatoka nje kidogo.

"Bosi," Rabson alisema nyuma yake, "na hela yangu ya gari?"

"Baadaye."

"Baadaye lini? Mzigo si haujauzika?"

"Rabson, baadaye!"

Rabson alimtazama Tumpe. Tumpe aliitazama pikipiki. Rabson, ambaye alikuwa ameendesha kutwa nzima na nyuki mgongoni, akashusha ubavu wa fuso. Wakaishusha pikipiki pamoja, kwa upole, kama wanavyoshusha kabati la kioo. Mzee Alawi akatoa ufunguo mfukoni.

Nyanya ya pili ikaigusa ya kwanza, zikawa zabibu jingine. Mawili yakaungana, yakawa limau. Limau likaanza kuteleza juu ya mgongo wa tikiti, taratibu, likisita, na Sosthenes akaanza kuteleza nalo, bega la kulia limeshuka. Pikipiki ikawaka.

"Punguzeni kelele!" alifoka bila kuinua macho.

"Samahani, Meneja."

"Mnanitetemesha! Pelekeni hiyo kelele mbali!"

"Mbali kiasi gani?" aliuliza Tumpe.

"Mbali kabisa!"

Tumpe akafunga khanga kiunoni, akakamata usukani. Mzee Alawi akapanda nyuma, akakusanya kanzu, akaomba dua fupi ya safari. Walipita getini wakimpungia Matilda mkono, naye akawapungia. Sauti ikafifia ikaelekea upande wa Mafinga, na Sosthenes akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana sasa aliweza kufikiri.

Limau likagusa limau. Yakawa chungwa. Chungwa likaruka juu, likapita upande wa pili, na katikati pakabaki wazi. Matikiti mawili yakaegemeana polepole kama watu wazima wawili wanaokaa kwenye benchi moja. Yakagusana.

Yakapotea.

Hakukuwa na tunda kubwa zaidi. Yalipotea tu, yote mawili, kwa mlio mdogo wa povu linalopasuka, na kikapu kikabaki kitupu na lile chungwa moja chini. Juu ya kioo pointi zilipanda zikapanda, mpaka zikafika mahali ambapo hakuna mtu wa Mwanjelwa aliyewahi kuziona.

"Nimeshinda!" Sosthenes aliruka, akaangusha tenga. "Nimeshinda! Mwamuzi, umeona?"

Matilda aliichukua simu, akazisoma pointi kwa makini, akamrudishia, akampa mkono.

"Hongera, kaka. Umeshinda wazi kabisa."

Sosthenes aligeuka. Fuso lilikuwepo. Matenga yalikuwepo, na nyuki. Pale pikipiki ilipokuwa imesimama palikuwa na utepe tu, umelala kwenye vumbi.

"Iko wapi?"

"Si uliwaambia waipeleke mbali kabisa?" alisema Matilda. "Ni watu wenye heshima zao. Wamekutii."

"Wameniibia! Naenda polisi!"

"Nenda. Utawaambia imeibiwa pikipiki ya nani?"

Alifikiria. Ya kampuni. Kampuni gani? Iliyochukua matunda ya soko zima. Na kisha wangeuliza jina lake, na pale Njombe kulikuwa na mtu anayelitafuta jina hilo hilo kwa hamu kubwa. Sosthenes akaketi chini, taratibu, kwenye tope la machungwa.

"Bosi," alisema Rabson, "mimi naondoka. Nipe simu. Ukiniletea hela ya gari, unaichukua."

Hakubisha. Alimpa. Rabson akaingia ndani ya fuso, akawasha injini ipate moto, na wakati anasubiri akaibonyeza simu kuona kama ni nzima. Chungwa moja chini ya kikapu kitupu lilimtazama. Akadondosha limau. Akadondosha jingine. Akainama kidogo. Injini iliunguruma, fuso halikuondoka.

Matilda, aliyekuwa anaanza kumwaga maji kwenye uwanja wake, aliinua kichwa akamwona Sosthenes amesimama juu ya ngazi ya fuso, tai inachuruzika, kichwa amekiingiza dirishani.

"Siyo hapo," alikuwa anambembeleza. "Rabson, ndugu yangu, nisikilize. Kushoto. Peleka kushoto, utalikwamisha."